Barafu Nyuma ya Ghala

Asubuhi moja ya mwezi wa sita mwaka 1994, Cornelia alibeba ungo wa ulezi kwenda kuuanika nyuma ya ghala la zamani la mahindi, hapo Kizwite, Sumbawanga. Jua hupiga mapema upande ule, na tangu wafanyabiashara binafsi waruhusiwe kununua mazao, ghala halikuwa na mahindi wala mlinzi wa kufukuza watu. Alikuta ukuta umeota barafu. Ilianzia chini kwenye msingi, nene kama godoro, ikapanda mpaka usawa wa madirisha. Cornelia aliigusa, akafuta kidole kwenye kitenge, akasogeza mkeka wake mbele kidogo ili ulezi usilowe.

Barafu haikuwa kitu kigeni kwake. Alizaliwa Marangu, chini ya Kilimanjaro, na kila alipofungua mlango wa jiko la mama yake aliiona, nyeupe juu ya migomba. Ila hakuwahi kuikanyaga. Mlima ulikuwa wa Wazungu na wa wanaume waliowabebea mizigo. Baba yake, Mzee Eustace, alikuwa kiongozi wa misafara, na kaka yake Calvin alikuwa mpagazi. Wasichana walikata majani ya ng'ombe.

Alihamia huku Ufipa kwa ajili ya mumewe, Alfonsi, fundi magari aliyekuwa Moshi kwenye karakana ya shirika la umma. Shirika lilipouzwa, mafundi walipunguzwa, naye akarudi kwao na mke na mtoto wao mchanga, Jenifa. Siku waliyoshuka kwenye basi, Cornelia alijizungusha pale stendi akitafuta mahali pa kuegemeza macho. Nyasi zilikwenda, zikakutana na mbingu, basi.

"Huku nchi imelala," alisema.

Mama mkwe wake, Redempta, hakupenda. Alimshika bega, akamgeuza aitazame milima ya Mbizi.

"Na ule ni nini?"

"Ni mlima, mama," Cornelia alijibu kwa heshima. Baadaye alimnong'oneza mumewe kwamba kwao mahali kama pale wangechezea mpira.

Barafu iliendelea kukua. Bwana afya alikuja, akavunja kipande, akakitia mdomoni, akasema ni safi lakini watu wachemshe. Wauza samaki waliotoka Kirando, ziwani Tanganyika, ndio waliofurahi. Zamani migebuka yao ilifika mjini ikiwa imechoka. Sasa waliipanga juu ya barafu ikakaa ikikodoa macho hadi jioni. Ilipofika sikukuu ya Petro na Paulo barafu ilikwisha kulipita paa la ghala, na ikaendelea kupanda peke yake bila ukuta wa kuishika. Watu wa mtaa wa Milanzi walianza kuitumia kuelekeza wageni njia.

Cornelia alikuwa akipepeta ulezi alipoinua macho akaona kitu cha kijani huko juu, ndani ya barafu. Aliweka ungo chini. Ile ilikuwa sweta. Mama yake ndiye aliyeifuma, na sufu ilipungua, kwa hiyo mkono mmoja ulimaliziwa kwa rangi ya kahawia. Mkono wa kahawia ulionekana vizuri.

Calvin alipotea mlimani mwaka 1985. Kampuni iliyompeleka ilisema ametoroka na hema na mizigo ya wageni. Walimtafuta siku mbili, wakaacha, lakini neno mwizi halikuachwa. Mama yake alikufa nalo. Baba yake hakuwa kwenye msafara ule, lakini naye alinyang'anywa misafara, akarudi kulima kahawa, na jina la mwanawe halikutajwa tena mezani.

Jioni ile Cornelia alimwambia mumewe, "Baba Jenifa, Calvin yuko nyuma ya ghala."

Alfonsi alikuwa ananawa grisi. "Chini au juu?"

"Juu sana."

"Umewahi kupanda hata mti?"

"Hapana."

Alfonsi alijifuta mikono, akaenda kupima viatu vya mkewe kwa rula. Kutoka kwenye springi ya lori bovu alimchongea meno ya chuma ya kufunga chini ya viatu, na visululu viwili vyepesi vyenye ncha kama mdomo wa korongo. Kamba ya nailoni, ile ya kuvutia nyavu, aliiagiza Kirando. Alichomelea vigingi vya chuma, akavijaribu kwa kuning'inia navyo kwenye boriti ya karakana yake mpaka boriti ikalalamika.

Siku ya kwanza Cornelia alipanda kimo cha mtu, akaanguka juu ya lundo la maganda ya maharage. Siku ya pili aliangukia palepale. Wanawake wa sokoni walikuja kumwangalia, wakampa shauri la kushika huku na kule, kisha wakaona wateja wanakwenda kwingine, wakarudi kwenye meza zao. Redempta alibaki, na Jenifa mgongoni.

"Unapigana nayo," alimwambia. "Kwani imekukosea nini?"

Cornelia alilifikiria hilo. Kesho yake alipiga taratibu, akasikiliza mlio. Barafu mbovu ililia kama sahani, nzima ililia kama mti. Aligundua kwamba kazi si ya mikono bali ya miguu, na kwamba ukiamini meno yale mawili ya mbele, mwili unasimama wenyewe. Huko juu hapakuwa na bei ya sukari wala maneno ya majirani. Palikuwa na pumzi yake na mahali pa kuweka mguu. Alijikuta anacheka peke yake, shavu limebanwa kwenye barafu, akaona haya kama mtu aliyecheka kanisani.

"Raha ninayoisikia kule," alimwambia mumewe wakati wa kula, "sijui hata niiseme vipi. Naona nilizaliwa kwa kazi hii."

"Na ulizaliwa chini ya mlima mzima."

"Hakuna aliyewahi kuniambia naweza kupanda."

Alfonsi alimwongezea mchuzi. Vidole vya Cornelia vilikuwa vimechubuka, basi akamkatia na ugali pia.

Julai ilipokuwa inaisha, alimfikia. Calvin alikuwa amekaa kwenye kipango kidogo ndani ya barafu, magoti kifuani, miguuni raba zilizotoboka. Kando yake palikuwa na hema ndani ya mfuko, sufuria, na mabegi ya wageni yaliyopangwa vizuri. Cornelia alibandua barafu mpaka uso ukatoka nje.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba." Calvin alimtazama sana. "Wewe ni nani?"

"Cornelia."

"Cornelia ni mtoto. Wewe umefanana na mama."

"Nimekua, kaka. Nina mume. Nimeupita hata umri wako."

Calvin alitabasamu, midomo ikapasuka kidogo. "Wageni walifika salama?"

"Walifika. Ni miaka tisa sasa."

"Afadhali. Theluji ilikuwa kali. Wenzangu walichukua mablanketi yote kwa ajili ya wageni, wakaniambia, kaa hapa na mizigo, tukishawafikisha tunarudi kukuchukua. Wamesema wanakuja lini?"

Cornelia alijikita miguu vizuri. Alitoa chupa ya uji wa ulezi, akamnywesha. Uji uliganda kooni, lakini Calvin alisema ni mtamu.

"Twende nyumbani, kaka. Kamba ninayo."

"Siwezi kuacha mzigo wa watu. Nikiondoka bila kuambiwa, watasema nimeiba."

Cornelia alimfunga kitambaa chake shingoni. Kile ambacho watu walikwisha kusema hakukitaja. Aliomba tu apewe lile hema alipeleke kwa wenyewe, na Calvin alikubali baada ya kumwapisha kwamba hatalifungua njiani.

Alisafiri na hema mapajani, Tunduma, Mbeya, mpaka Moshi. Ofisi ya kampuni ilikuwa imepakwa rangi mpya na ina mwenyewe mpya, kijana mwenye tai, mkarimu, aliyemwagizia soda. Alisikiliza habari yote bila kumkatiza.

"Pole sana, mama. Ila sisi tulinunua magari na jina la kampuni. Mambo ya zamani hatukuyanunua."

Hata hivyo alilipokea hema. Alilikunjua sakafuni, akalikagua mshono kwa mshono, akasema kigingi kimoja hakipo.

"Basi tumeni mtu amwambie ashuke," Cornelia alisema. "Neno moja tu. Hatashuka bila kuambiwa na ninyi."

"Sumbawanga hatuna safari za huko."

"Na jina lake? Watu wajue kwamba hakuiba."

Kijana alikuna kidevu. Alionekana kusikitika kweli. "Tatizo ni kwamba ile hadithi inatusaidia, mama. Tunawafundishia wapagazi wapya uaminifu. Tukiiondoa, tutafundisha kwa nini?"

Cornelia alimaliza soda yake, akashukuru, akapanda gari la Marangu. Alimkuta baba yake anapogoa mibuni. Alimweleza alivyomweleza kijana yule, kwa mpangilio uleule, hadi mkono wa kahawia wa sweta. Mzee Eustace aliendelea kupogoa mpaka akafika mwisho wa mstari. Kisha aliingia ndani, akatoka amevaa viatu vyake vya mlimani.

"Basi la kwenda huko linaondoka saa ngapi?"

Baridi ya kilele cha Kibo ilikuwa imemla vidole vya miguu zamani, kwa hiyo alitembea kwa fimbo na kupanda hakuweza. Walipofika Kizwite alisimama chini ya barafu, akaangalia kimo chake, akaangalia vigingi vya Alfonsi, akavipa kila kimoja teke. Cornelia alipanda. Kutoka chini baba yake alimwona anavyokita meno, anavyotulia, anavyosogea bila haraka, na hakumwelekeza hata mara moja.

Alipofika kwenye kipango na kujifunga kamba, alimpungia mkono. Mzee Eustace alivua kofia. Akatoa ile sauti iliyokuwa ikivuka upepo wa Kibo, na mbwa wa Milanzi wakainuka.

"Calvin!"

"Naam, baba!"

"Mimi ni nani katika misafara?"

"Kiongozi!"

"Mzigo nimeupokea mimi! Kazi umemaliza! Shuka, mwanangu!"

Calvin alikaa kidogo kama mtu anayehakikisha hakusahau kitu. "Haya," alimwambia Cornelia, "tuanze na mabegi." Waliyateremsha moja moja, kisha sufuria, kisha yeye mwenyewe, kiunoni kamba ya Kirando, dada yake juu akimwachia taratibu na Alfonsi chini akimpokea. Mzee Eustace alimshika mwanawe uso kwa mikono miwili. Mikono ilipoanza kufa ganzi hakuiondoa.

"Nilikuwa na watoto wawili wa mlimani," alisema, Cornelia alipofika chini naye, "nikampeleka mmoja tu."

Usiku ule walikula pamoja. Redempta alimpa Calvin kigoda cha karibu na moto, kisha akakisogeza mbali, maana moto ulikuwa unafifia.

Mzee alirudi Marangu akawaeleza watu baada ya misa. Wengine waliamini. Calvin alibaki Sumbawanga. Alikuwa mzima kwa kila kitu isipokuwa joto, hilo halikurudi. Ilijulikana haraka kwamba samaki waliobebwa naye hawaharibiki, na wauza samaki wakaanza kumpakia kwenye lori kwenda Kirando, kiti cha mbele, akarudi na matenga magotini. Barafu haikuyeyuka hata mvua zilipoanza. Cornelia aliipanda kila Jumamosi baada ya kufua, bila sababu yoyote. Jumamosi moja Redempta naye aliomba afungwe kamba, akafika usawa wa madirisha, akatangaza kwamba panatosha.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tano, kijana mmoja aitwaye Flavian alikuja kutoka Moshi kununua maharage, akala chakula nyumbani kwa Alfonsi. Alikuwa mpagazi. Msimu wa mvua, wageni wanapopungua, alifanya biashara. Aliposikia kwamba Cornelia ni wa Marangu, alichangamka.

"Basi, dada, mtakuwa mnaijua habari ya yule mwizi. Calvin, aliyetoroka na hema. Ndiyo ya kwanza tunayofundishwa siku ya kuajiriwa."

Cornelia aliacha kupakua. Alfonsi alitazama sahani yake. Calvin, aliyekaa karibu na mlango ili asiwapunguzie wengine joto, aliuliza, "Alikuwa mtu wa namna gani, huyo?"

"Wanasema alikuwa hodari kuliko wote. Ndiyo maana inauma. Mpaka leo tukishuka tunapekuliwa mabegi kwa sababu yake."

"Hata baada ya hema kurudishwa?"

"Lilirudishwa? Hiyo sijaisikia." Flavian alimeza tonge. "Tulilo nalo ni hema moja kuukuu. Limepungukiwa kigingi."

Calvin alitikisa kichwa polepole. "Na makoti? Siku hizi mnapewa?"

"Makoti gani, kaka?"

Walimaliza kula, wakazungumza bei ya maharage. Lori lilipopiga honi Calvin alisimama, akavua koti lake zito la mtumba, akamvisha kijana yule mabegani na kumfunga vifungo mpaka shingoni. Flavian alikataa kwanza, kisha akashukuru. Alisema ni koti zuri, ila linatia baridi kwa ndani.

"Livae tu," Calvin alimwambia. "Litazoea."