Mchuzi Anasubiri Neno

Wifi yangu Clementina alifika kutoka Bukoba mwezi wa Julai 2011 na masanduku mawili na mdomo mmoja, na kati ya hivyo vyote mdomo ndio uliokuwa mzito zaidi. Hakumaliza siku tatu kabla ya kugundua kwamba binti yetu Koku, wa miaka kumi na mitano, hukimbiza ndama akiwa juu ya farasi. Alikaa sebuleni kwetu, huku ughaibuni, ghorofa ya tisa pale Jane na Finch, akamkazia macho kaka yake Valerian, ambaye ndiye mume wangu.

"Mtoto wa kike, Valerian? Na kamba mkononi? Na suruali imembana hivyo?"

Tangu niolewe sijawahi kukubaliana na Clementina, hata kuhusu chumvi ya mboga. Siku ile nilikubaliana naye, ingawa si kwa sababu ya suruali. Mimi nilikuwa nawaza mtulinga. Oktoba iliyopita, siku ya Jumamosi, Koku alianguka mazoezini, na daktari akanionyesha picha ya mfupa uliokatika karibu na shingo ya mwanangu. Niliitazama picha ile nikaona ni shingo yenyewe. Kuanzia hapo kila simu ikilia Jumamosi huidaka kabla ya mlio wa pili, mpaka leo.

Koku alipopona akataka kurudi. Yeye huelewa kila tunachosema, lakini hutujibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa huku. Neno moja tu la Kiswahili alilitumia kila siku. "Mom, please, just say haya." Alinijua vizuri. Nyumbani kwetu nikisema haya, jambo limekubaliwa na hakuna kurudi nyuma. Nikisema tutaona, ujue ni hapana iliyovaa nguo nzuri. Nilisema tutaona msimu mzima wa baridi.

Mwishowe Valerian, asiyependa ugomvi mezani, akatoa wazo. Agosti kutakuwa na mashindano ya vijana ya rodeo, ile michezo ya farasi na kamba, na wasichana wanne bora wa kunasa ndama watachukuliwa kwenye timu ya jimbo. Koku akiwa mmoja wao, aendelee, nami nisimkataze tena. Akikosa, buti zake za farasi zitolewe sadaka kanisani na hadithi iishe.

"Deal?" Koku akaniuliza.

"Tutaona," nikasema, lakini sikumzuia kwenda kujaribu.

Farasi hakuwa wetu. Alikuwa wa Azim, Mwismailia aliyezaliwa Bukoba, ambaye baba yake aliuza vitambaa karibu na soko. Azim ana ghala Downsview na shamba nje ya jiji, na alifahamiana na Valerian huko Malton, kwenye mizigo ya uwanja wa ndege. Farasi alikuwa wa rangi ya kahawia iliyoiva, basi Azim akamwita Mchuzi. Alimlea tangu akiwa mdogo na kumfundisha kila kitu kwa Kiswahili.

"Watoto wangu nikiwasemesha wananijibu Kiingereza," alituambia mara ya kwanza. "Huyu hanijibu kitu. Angalau ananisikiliza."

Siku ya mashindano tulifika asubuhi, uwanja wa maonyesho ya wakulima nyuma ya Malton, mahali ndege zinaposhuka chini kiasi kwamba unaona magurudumu. Kila moja ikipita, maneno yanakatwa na watu wanasubiri, kisha wanaendelea pale walipoishia. Tulikuta watoto wadogo wenye helmeti wakipanda kondoo na kumwagika mchangani mmoja baada ya mwingine, wazazi wakicheka. Wasichana wakaja kuzunguka mapipa matatu kwa kasi, kisha kufunga mbuzi miguu. Hapo Clementina akachangamka kidogo, maana mbuzi anamjua.

"Mbona wanamfunga halafu wanamfungua? Hawamli?"

Nilikuwa nakitazama kizimba.

Mchezo wa Koku uko hivi. Farasi anasimama kizimbani, amewekewa kamba mbele ya kifua. Pembeni yake kuna ndama ndani ya lango. Msichana akitikisa kichwa, lango linafunguliwa na ndama anachomoka. Farasi hana ruhusa ya kutoka mpaka ndama atangulie kidogo. Akitoka mapema, kamba ile inakatika, na hiyo ni adhabu ya sekunde kumi, katika mchezo unaoisha kabla hujapiga chafya mara mbili. Akitoka vizuri, msichana anamfukuza ndama na kumrushia kitanzi shingoni. Mwisho mwingine wa kamba hiyo ya kitanzi, wenye kitambaa cheupe, umefungwa kwenye tandiko kwa uzi mwembamba. Kitanzi kikikaza, uzi unakatika, saa inasimama. Kila msichana hupewa zamu mbili, na inahesabiwa iliyo bora.

Zamu ya kwanza Koku aliingia kizimbani akiwa ametulia. Mimi na Clementina tulikuwa tumeegemea uzio, hatua chache kutoka kwake. Mchuzi alisimama imara, masikio mbele. Koku alinyanyua kitanzi, akatikisa kichwa. Lango likafunguka.

Na wifi yangu, aliyekuwa akitazama suruali muda wote huo, akasema kwa sauti ya sokoni, "Mtoto huyu hana haya!"

Mchuzi akaruka. Ndama hakuwa amefika popote. Kamba ikakatika, Koku akavuta hatamu kwa nguvu, farasi akarusha kichwa juu huku mdomo umepanuka kwa maumivu. Kwa sekunde moja nilimwona mwanangu akining'inia upande, nikashika mkono wa Clementina mpaka akapiga kelele. Koku akajirudisha juu ya tandiko, akafukuza, na akamnasa ndama vilevile, lakini mwamuzi alikuwa ameshainua bendera ya adhabu.

Nilifurahi. Nasema wazi, moyo wangu uliruka kwa furaha. Nilianza hata kufikiria ni nani kanisani mwenye miguu ya saizi ya zile buti.

Nilizunguka nyuma kumfariji, uso nimeuandaa. Nikamkuta peke yake na farasi, paji la uso limeegemea shingo ya mnyama, anamsugua taya pale hatamu ilipomuumiza.

"Pole, baba," alikuwa akimwambia. "Pole sana. Siyo kosa lako. Wewe umesikia neno, ukaenda. Mimi ndiyo nimekuvuta. Usiniogope, eh? Usiniogope."

Miaka kumi na mitano nimemsemesha mtoto huyu, nikambembeleza, nikamgombeza, na sikuwahi kupata kutoka kwake sentensi mbili za Kiswahili zilizofuatana. Kumbe zilikuwepo. Nilimwonea farasi wivu, wivu wa kweli wa kuchoma kifuani.

Aliponiona akafuta macho haraka. "I'm fine, Mom."

Mara Azim akaja mbio, kofia mkononi. "Nani amesema haya?"

Clementina, aliyenifuata huku akisugua mkono wake, akajitetea. "Mimi sikusema haya. Nimesema hana haya."

"Mama, farasi hajasoma shule!" Azim akashika kichwa. "Mchuzi anajua neno moja la kuondokea. Haya. Ndama akishatangulia, Koku anamnong'oneza Mchuzi, naye anakwenda. Wewe umelisema kabla yake."

"Sasa mnamfundishaje mnyama neno ambalo watu tunalitumia kila siku?"

"Nitajuaje kwamba siku moja Bukoba nzima itakuja hapa? Tangu azaliwe, uzioni hapakuwahi kusimama mtu wa kulisema! Na watazamaji hawazuiwi kupiga kelele, mwamuzi hatatusaidia." Akatugeukia sote watatu, maana Valerian naye alikuwa amefika. "Nawaombeni. Mpaka zamu ya pili iishe, neno hilo lisitoke mdomoni mwa mtu."

Nilitaka kumwambia haya, tumekusikia. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Sikio la Mchuzi likanigeukia, nikalimeza neno. "Sawa," nikasema.

Koku akanitazama. "Mom. Please. Auntie."

Nilimwelewa. Kazi ya kumchunga Clementina nilipewa mimi, ambaye kuliko mtu yeyote uwanjani nilitaka mambo yaharibike. Sikuhitaji kufanya lolote baya. Ningegeuka tu kidogo kutazama mbuzi.

Sikugeuka. Nilijiambia kwamba mtoto akishindwa, ashindwe mwenyewe, asiangushwe na ulimi wa shangazi yake, kesho akaja kunidai. Nilimnunulia Clementina hindi la kuchoma, na alipolimaliza nikamnunulia lingine. Hujui ni mara ngapi mtu wa kwetu husema haya mpaka umkataze. Akisimama, haya. Akikaa, haya. Akipokea hindi, "Ha..." nami nikamkanyaga mguu.

Wasichana walipita mmoja mmoja, na kila aliyefanya vizuri alizidi kumfungia Koku mlango. Alipobaki yeye tu, nafasi ya nne ilikuwa ya msichana mrembo mwenye kofia nyekundu, na hata yeye alikuwa amemnasa ndama karibu kabisa na uzio wa mbali. Valerian anapoogopa hukunja na kukunjua tiketi mpaka inakuwa vumbi.

Koku akaingia kizimbani. Mchuzi hakuwa yule wa asubuhi. Alikuwa anatoka jasho shingoni, anarusha kichwa, anakataa kurudi nyuma. Koku alimgeuza, akamrudisha, akamgeuza tena. Niliona bega lake, lile lile la Oktoba, limepanda juu kwa woga. Midomo yangu ilikuwa inasali na sijui nilikuwa naomba nini, maana kila nikianza sala ilikuwa inavuta pande mbili.

Farasi akatulia. Koku akanyanyua kitanzi.

Hapo ndipo ndege ilipokuja. Niliisikia kabla sijaiona, ikishuka upande wa nyuma yetu, kubwa. Nikajua atasubiri ipite, wote walikuwa wanasubiri. Lakini labda aliogopa Mchuzi ataanza tena kurusha kichwa. Koku akatikisa kichwa chake.

Lango likafunguka. Ndama akachomoka, akapita mahali anapotakiwa kupita. Niliona midomo ya Koku ikisema neno. Niliiona waziwazi, na sikusikia kitu, maana ngurumo ilikuwa imefunika uwanja mzima.

Mchuzi hakwenda.

Koku akampiga visigino. Farasi akatetemeka, akasogea kidogo, akasimama. Mara ya mwisho alipoondoka alivutwa mdomo mpaka ukauma, na sasa hakuwa tayari kuondoka bila kuambiwa. Masikio yake yalizunguka nyuma, mbele, nyuma, yakitafuta. Midomo ya Koku ikasema tena. Ndege ikanguruma. Ndama alikuwa anakwenda zake mchangani.

Ningekaa kimya tu, ningekuwa nimeshinda. Buti zingetoka, Jumamosi zangu zingerudi, na hakuna mtu duniani ambaye angenilaumu, maana nilikuwa nimeapishwa kunyamaza. Nilimtazama mwanangu. Alikuwa ameyainamia yale masikio, uso umemkunjamana, anamwomba farasi kwa lugha yangu, na hasikiki.

Mimi huanzisha nyimbo kwenye misa ya Kiswahili. Sijawahi kuhitaji kipaza sauti, na jirani wa ghorofa ya tano hujua tunakula nini kwa ninavyowaita mezani. Nilishika uzio kwa mikono miwili, nikavuta pumzi mpaka mbavu zikauma.

"HAYA!"

Mchuzi alitoka kizimbani kwa mshindo, mchanga ukaturukia usoni. Sikufumba macho. Nilitaka kufumba na nikajikataza. Koku alilala juu ya shingo ya farasi, kitanzi kikizunguka kichwani mwake mara moja, mara mbili, ndama akikaribia uzio wa mbali, na bega lile likafunguka lote na kurusha. Kamba ikaelea. Ikamwangukia ndama shingoni, ikakaza, uzi ukakatika, na kile kitambaa cheupe cha mwisho wa kamba kikaburutwa mchangani.

Ndege ilikuwa imeshapita. Tukasubiri. Mtangazaji akakohoa, akasoma muda, kisha akasoma majina. Jina la Koku lilikuwa la nne, na alilitamka vibaya, kwa hiyo Valerian hakuelewa mpaka Azim alipomrukia mgongoni.

Clementina alikuwa ananitazama, hindi likiwa nusu njia. "Umesema neno," akaniambia. "Mimi nimekanyagwa mguu mchana kutwa, halafu wewe ndiye umesema neno."

Nikamwambia ale hindi lake.

Koku alikuja akitembea, amemshika Mchuzi hatamu. Uso wake ulikuwa umejaa vumbi, na machozi yalikuwa yamechora njia mbili. Alisimama upande wake wa uzio, mimi upande wangu. Nilidhani atanijibu kwa Kiingereza, nikajiandaa.

"Mama," akasema, "umesema haya."

Nilitaka kumweleza kwamba nilikuwa nasema na farasi. Tayari nilikuwa naiona Jumamosi ijayo, na zote zitakazofuata, simu ikiwa karibu nami.

"Nimekusikia," Koku akasema. "Watu wote wamekusikia."

Ni kweli, walisikia. Nikaingiza mkono kati ya mbao za uzio, nikampangusa vumbi na khanga yangu, kuanzia kwenye paji la uso mpaka kwenye mtulinga.