Kipara Hasonyi Mtu

Kalunguyeye alinisonya siku ya kwanza, saa ya kwanza, ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeinama kumwekea maji. Akajiviringa, akashusha miiba ya kipaji hadi machoni, akatoa sauti ile ile ya mtu anayekudharau: "Fsss!" Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sikatai. Nikamuuliza, "Unanisonya mimi? Mimi ninayekulisha?"

"Hakusonyi," mke wangu alisema kutoka jikoni. "Anakuogopa. Na si yeye peke yake."

Nikajifanya sehemu ya mwisho sikuisikia.

Mnyama mwenyewe ni wa binti yetu. Alipewa na mwenzake wa chuo ambaye kwao wanawafuga, na siku anamleta nyumbani alimbeba ndani ya kikombe cha chai. Akampa jina la Kipara, kwa sababu katikati ya utosi wake kuna kimstari kisicho na miiba, kama njia ya nywele iliyochanwa. Mimi pia sina nywele utosini. Siku jina hilo lilipotangazwa mezani kila mtu aliangalia sahani yake, na mke wangu alikohoa muda mrefu kuliko kikohozi chochote ninachokijua.

Sasa binti anasomea upimaji wa ardhi, na chuo kilimtuma mbali kwa wiki sita za mafunzo ya vitendo. Mama yake anafua mashuka hospitalini kwa zamu, leo asubuhi kesho usiku, lakini karakana yangu ya viatu iko hapa hapa uani. Kwa hiyo Kipara akaachwa kwangu, pamoja na sanduku lake pana la mbao, gurudumu la kukimbilia, kitambaa cha kulalia, na taa nyekundu ya joto kama ile ya vifaranga. Ukutani binti alibandika karatasi ya maelekezo iliyoandikwa kwa herufi ndogo ndogo, kutoka juu hadi chini.

"Isome yote, Baba. Tafadhali."

Sikuisoma. Mtu hapewi maelekezo nyumbani kwake.

Lakini nilijua nimekabidhiwa nini. Binti yangu, tangu avunje ungo, haniambii kitu. Hajibu vibaya, hagombani na mtu, ananyamaza tu na kuingia chumbani kwake. Kuniachia Kipara ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kunikabidhi kitu anachokipenda. Nikikiharibu, hatanilaumu. Atanyamaza, na safari hii atanyamaza moja kwa moja. Hilo liliniogopesha kuliko miiba.

Kazi yangu ni kusoma miguu. Niletee kiatu kilichochakaa, nitakuambia mwenyewe anabeba mzigo bega gani, goti lipi linamsumbua, na kama ni mtu wa kukimbizana na dunia. Nikajiambia, kiumbe cha kuenea kiganjani kitanishindaje? Jioni moja nilivuta kigoda mbele ya sanduku, nikakaa kimya. Kukaa kimya si fani yangu. Dakika kumi nzima mpira wa miiba haukutikisika, na mimi miguu ilishaanza kufa ganzi.

Halafu pua ikatoka. Nyeusi, imelowa, inapapasa hewa huku na huku. Sikio moja likafuata. Miiba ya kipaji ikarudi nyuma taratibu, mmoja mmoja, kama mtu anayekunjua uso, na chini yake kulikuwa na macho mawili meusi yananitazama. Nilijikuta nimeziba mdomo kwa mkono. Nina miaka hamsini na sita na sijawahi kukaribishwa hivyo na mtu yeyote.

Tangu siku hiyo kigoda hakikuondoka pale. Nilijifunza kwamba ile "fsss" fupi ni swali tu, nani wewe, na ukinyamaza anapata jibu. Akiruka kidogo na kutoa mlio wa kukatika kooni, hapo umemkera kweli, toa mkono. Miiba iliyolala yote upande mmoja ni amani. Miiba iliyosimama na kupishana kama mabua ya fagio ni hofu, hata kama pua bado iko nje. Na akipata chakula anachokipenda ananong'ona mwenyewe, sauti ndogo sana, hadi lazima uache kupumua ndipo uisikie. Niliacha kupumua mara nyingi.

Siku moja niliingia na kipande cha ngozi mpya mkononi. Akakinusa, akakitafuna, na mara mdomo ukajaa povu. Akapinda shingo nyuma kwa namna ambayo shingo hazipindi, akaanza kujipaka lile povu mgongoni kwa ulimi, anayumba huku na huku kama mlevi. Mimi nikapanda juu ya kigoda.

"Kichaa! Mama watoto, ameshikwa na kichaa cha mbwa!"

Mke wangu alikuja na mwiko mkononi, akaangalia, akaenda moja kwa moja ukutani. Akaweka kidole kwenye karatasi. "'Akitoa povu na kujipaka, amekutana na harufu mpya, anaivaa. Usiogope.' Shuka, baba."

Nikashuka. Nikasoma mstari huo, huo tu, halafu nikakaa kumwangalia mnyama akivaa ngozi yangu. Huyu kila anachokutana nacho anakichukua, anakibeba mgongoni.

Ningesoma na mistari ya chini.

Wiki ya nne nilimkuta amelala kifudifudi. Tumbo chini, miguu minne imetawanyika, bapa kama soli iliyokanyagwa. Mimi ni fundi wa ngozi. Ngozi ukiianika karibu na moto inajikunja, inapasuka, imekwisha, kwa hiyo ngozi hukaushwa kivulini. Nikatazama ile taa nyekundu, nikatazama mnyama aliyebandikana na sakafu, nikasema joto linamuua. Nikaizima. Nilijiona nina huruma kwelikweli.

Ilikuwa majira ya baridi. Asubuhi yake niliinua kitambaa, nikamkuta amejikunja. Nikasubiri anisonye. Hakunisonya. Nikamgusa, mwiba haukusimama hata mmoja. Tumboni, pale penye manyoya laini, alikuwa baridi kama kokoto.

"Nisonye!" nilimfokea. "We mnyama, nisonye!"

Mke wangu ndiyo kwanza alikuwa anarudi kutoka zamu. Hakuvua hata viatu. Alisoma ile karatasi kwa sauti, na safari hii hadi mwisho. Kulala bapa ni raha, amejiachia, msimsumbue. Taa isizimwe kamwe. Na mstari wa chini kabisa: "Akipoa na kulegea, msidhani amekufa. Baridi imemlaza. Apashwe joto polepole kwenye mwili wa mtu, asiogeshwe, asisogezwe kwenye moto. Nipigieni."

Nilifungua vifungo vya shati, nikalala chali sakafuni, nikamweka tumboni kwangu na kumfunika kwa mikono yangu yenye gundi. Miiba ilinichoma, nikashukuru kwamba kuna kitu ninakisikia. Uani mteja aligonga mlango wa karakana, akaita, akachoka, akaenda zake. Mke wangu akapiga simu, akaiweka kwenye spika karibu na sikio langu.

"Nani alizima taa?" binti aliuliza.

Hapo ningeweza kusema umeme ulikatika. Umeme hukatika. "Mimi," nikasema. "Niliona amelala bapa, nikadhani anaungua. Sikusoma karatasi. Kosa ni langu."

Akanyamaza, na mimi sikukivunja kimya chake.

"Sawa, Baba," alisema mwishowe. "Kwanza utasikia anatetemeka. Usimwachie."

Ilichukua zaidi ya saa nzima. Sijui kama nimewahi kumsikiliza mtu hivyo, au mnyama. Mwanzo hapakuwa na kitu. Kisha, chini kabisa ya kiganja, mdundo mmoja. Nikangoja muda mrefu, ukaja wa pili. Halafu ikaanza ile mitetemo, midogo, ya haraka, nikamwambia binti, akasema vizuri, endelea. Sikio likacheza. Pua ikajivuta kwenye ngozi yangu, ikanusa. Akajaribu kusimama, akayumba, akaanguka, akasimama tena juu ya kitambi changu. Akanitazama, na akatoa "fsss" moja dhaifu.

"Amenisonya!" nilisema, na machozi yakaniingia masikioni kwa sababu nilikuwa nimelala chali. "Mwanangu, amenisonya!"

Binti alicheka huku analia. Mke wangu alikaa sakafuni na viatu vyake vya kazini. Kipara alizunguka mara mbili, akalaza miiba, akajibwaga bapa kifuani kwangu kwa miguu minne. Sasa nilijua maana yake, na sikuthubutu hata kumeza mate.

"Baba," binti alisema baada ya muda. "Kuna kitu sijakuambia."

"Sema."

"Mwaka jana nilifeli hesabu. Nilikuambia nimepita. Ndiyo ninairudia mwaka huu."

Mke wangu aliangalia pembeni, nikajua yeye alishajua. Nikahisi kile ninachokifahamu kikianza kupanda. Sikuwa nimefungua mdomo, sikuwa nimesogeza kidole. Lakini kifuani kwangu miiba yote ilisimama kwa pamoja na kupishana, kipaji kikashuka, pua ikazama. Mnyama aliisikia hasira yangu kabla mimi mwenyewe sijaisikia. Nikaduwaa pale sakafuni. Kumbe mwili wangu hufoka kabla yangu. Kumbe miaka yote binti yangu alikuwa anausoma.

Sasa niliweza kuona amejikunja vipi huko aliko, simu sikioni, anangoja ngurumo.

Nilitoa pumzi, taratibu, nikangoja. Mwiba mmoja ukalala. Ukalala na wa pili. Sikuharakisha chochote, hadi mgongo wote uliposhuka na pua ndogo iliyolowa ikatoka kunusa kidevu changu.

"Nakusikia, mwanangu," nikasema. "Nipo hapa. Niambie ilikuwaje."

Akavuta pumzi, akaanza kuniambia.