Koo la Bi Hadia

Waliitwa wagonjwa kumi na wawili, na Bi Hadia ndiye aliyekuwa wa mwisho. Alikaa peke yake dakani, pale ukumbi wa mlangoni, kwenye ile nyumba ya mawe ya mtaa wa Mkomani, mjini Amu, waliyoikodi madaktari wageni kwa siku kumi, akisikiliza jenereta ikinguruma uani. Wenziwe walikuwa wameshapimwa, wameshakwenda zao. Buibui lilimpwaya kama lililotundikwa msumarini. Mwaka juzi, buibui hilohilo lilikuwa likimbana.

Tangu mwaka juzi chakula hakishuki. Kinafika chini ya kidari, kinasimama. Wali unasimama, uji unasimama, siku nyingine hata maji matupu yanasimama, kisha vyote vinarudi vilikotoka, vilevile vilivyoingia, tumbo halijavigusa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Huko Ndau, kwa kaka yake Athman, alikohamia baada ya mashifta, wale waasi wa mpakani, na askari kuwindana upande wa Kiunga mpaka vijiji vikahamwa, wanawake hula sinia moja, mkono wako na wa mwenzio. Sasa mtu anayeinuka kila tonge la tatu akakimbilia nje kutapika, nani atamstahamilia? Wifi yake alistahamili miezi minne. Halafu siku moja akasema, wala hakupandisha sauti, "Bi Hadia, kama chakula changu chakutia kinyaa, nambia."

Tangu siku hiyo Bi Hadia akatengewa kibakuli chake nyuma ya jiko. Akila na kuku. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemfukuza; hakuna tu aliyemkaribisha. Dresa wa zahanati alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, akamwambia ni mawazo ya ukimbizi. Mawazo! Kana kwamba mawazo humkaa mtu kooni kwa ukubwa wa tonge.

Kisha ikaja barua ya serikali, ikasomwa na Mwalimu Amini wa chuo cha Kurani. Madaktari wanakuja Amu na mashine ya kupima nguvu za koo. Ambaye mashine itaonyesha kwamba mlango wa tumbo lake haufunguki atapelekwa Nairobi ukapanuliwe, na atakula kama watu. Sharti ni moja: asile wala asinywe kitu tangu magharibi ya jana yake. Bi Hadia alicheka. Kumkataza yeye kula ni kumwambia samaki aoge.

Na miaka ile kutoka Ndau hakukuwa kuinuka tu ukaondoka. Bila cheti cha safari hupandi boti, na cheti kiliandikwa sababu na siku. Chake kilisema: Kupimwa koo. Siku tatu. Leo ilikuwa ya tatu.

"Mama, ingia," aliita nesi. Jina lake Keziah, kijana wa bara, mwenye sauti ya upole.

Chumbani kulikuwa na chupa za maji zilizotundikwa, mpira mwembamba wenye vitundu vitatu, na mashine yenye kalamu tatu zilizoegemea karatasi ndefu. Daktari, mzungu mwenye macho mekundu ya uchovu, alimwitikia salamu kwa kichwa.

"Mpira huu utapita puani mpaka tumboni," Keziah alimweleza. "Kila tundu linasikia koo linavyobana. Nikisema meza, unameza funda moja la maji, na zile kalamu zinaandika zenyewe. Usiogope."

"Siogopi, mwanangu. Nimeingojea siku hini miaka miwili."

Alisema kweli. Hakutaka dawa tu. Alizitaka kalamu zile zimnenee. Alitaka karatasi ya kuipeleka Ndau, aitandike mbele ya wifi yake, aseme: tazama, si kinyaa, si mawazo.

Mpira ukaingia. Pua iliwaka moto, machozi yakamtoka, akashika kingo za kiti. Ukashuka, ukashuka, ukafika palepale chini ya kidari. Na hapo kitu kikapanda. Kilipanda kwa nguvu, kikatoka mdomoni na puani, kikamwagikia beseni na aproni ya daktari: maji ya manjano, nusu kikombe, yakinuka marashi.

Daktari aliuchomoa mpira. Alisema neno moja kwa lugha yake.

"Mama," Keziah akasema polepole, "umekunywa."

"Sikunwa mai, wallahi."

"Na haya?"

"Hayo ni kombe."

Ikabidi aeleze, huku akijifuta. Mwalimu Amini alimwandikia aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa marashi, akamtilia kwenye chupa: anywe alfajiri ya siku ya kupimwa, Mungu aifungue ndia. Naye alikunywa. Angekuwa na saumu asingelionja, hilo alilijua. Lakini sharti hili lilikuwa la hospitali, si la Mungu, nayo hospitali ilikataza chakula na maji. Nani kutoka Pate mpaka Kiunga angehesabu kombe kuwa maji? Kombe ni dawa.

"Ulikunywa saa ngapi?"

"Baada ya sala ya alfajiri."

Keziah alitazama saa yake. Ilikuwa saa nne na dakika kumi. Akalitazama beseni, akamgeukia daktari, akasema naye Kiingereza cha harakaharaka, kidole kikionyesha saa, kisha beseni, kisha kifua cha Bi Hadia. Daktari akamjibu kwa maneno machache.

"Anasema ameona," Keziah akafasiri. "Muda wa saa tano nzima na maji hayajashuka, hata kipofu angeona. Lakini Nairobi hawapokei alichokiona yeye. Wanapokea mchoro."

"Basi nawachore."

Walijaribu. Tuseme haki, walijaribu. Mpira ulirudishwa puani, maji yakafunguliwa, Keziah akasema meza, naye akameza, kila funda likimkwama na yeye akilisukuma kwa roho yake yote ili kalamu zione. Kalamu hazikutikisika. Zafarani ilikuwa imeziba vile vitundu vitatu. Daktari akavisukuma kwa bomba la sindano, akavipuliza, akavichokoa. Mipira mingine miwili ilikuwa imepasuka wiki ileile, na boti ya kuwavusha madaktari hadi Manda kwenye ndege ilikuwa ya saa sita mchana. Karatasi ikazidi kutambaa, nazo kalamu zikachora mistari mitatu iliyonyooka. Daktari akazima mashine.

"Pole sana," daktari alisema, kwa Kiswahili kizuri kabisa. Akaenda kunawa.

"Nirudi kesho?" Bi Hadia akauliza.

"Kesho hatuko, mama."

"Mwakani?"

Keziah alikuwa akiukunja mpira. Aliukunja vizuri, akaufungua, akaukunja tena.

"Wewe umeona kwa mato yako," Bi Hadia akamwambia. "Niandikie, mwanangu. Maneno mawili tu."

"Mimi ni nesi. Nikiandika mimi, nani atasoma?"

Bi Hadia hakumchukia. Ndilo lililomuuma zaidi, kwamba katika miaka miwili huyu ndiye mtu wa kwanza aliyemwamini, na imani yake haikuwa na kazi. Akajitanda buibui, akatoka.

Mlangoni palikuwa na meza, na mezani alikaa Bwana Kariuki, karani aliyetumwa na ofisi ya wilaya kuandikisha wagonjwa na kugonga vyeti muhuri. Alikuwa ameletewa kipande cha karatasi kutoka ndani, chenye ile mistari mitatu. Alikigeuza huku na huku.

"Imenyooka," alisema. "Vizuri."

"Bwana, mimi sikupimwa. Mpira uliziba."

"Waliitwa kumi na wawili. Hapa nina kumi na mmoja. Nikiulizwa wa kumi na mbili yuko wapi, nijibu nini?"

"Jibu kweli."

"Kweli ipi, mama?" Hakuwa mkali. Alizungumza kama mtu aliyekwisha kuulizwa maswali mengi maishani na asiyetaka jingine. "Kwamba serikali ilikupa cheti cha kupimwa, ukapanda boti, ukakaa Amu siku tatu, na hukupimwa? Siku hizi unazijua. Askari pale gatini atataka kujua ulikuja kufanya nini. Nitamwambia ulikuja kutembea?"

Bi Hadia alimkumbuka jirani yao Famau, aliyekutwa Faza na cheti kilichopita siku mbili. Akachukuliwa aulizwe kidogo. Mwezi wa saba huu, bado anaulizwa.

"Ukiniandika nimepimwa," alisema, "ntapata cheti kingine cha kuya kutibiwa?"

"Aliyepimwa akaonekana mzima anatibiwa nini?"

Alitaka kusema. Maneno yalikuwepo, alikuwa nayo miaka miwili, aliyapanga usiku na mchana nyuma ya lile jiko. Yakafika palepale pa chakula, yakasimama. Uani, jenereta ilizimwa, na kimya kikaja ghafla hata akaisikia kalamu ya Bwana Kariuki ikikwaruza: Hadia binti Jeilani. Ndau. Amepimwa. Hana kasoro.

"Kidole, mama."

Hakukitoa. Bwana Kariuki akatazama saa ukutani, kisha akaushika mkono wake, si kwa ubaya, akakichovya kidole gumba kwenye wino. Kidole kilikuwa kimekonda mpaka alama haikutoka mara ya kwanza. Akakichovya tena, akakikandamiza kwa nguvu zaidi, akakizungusha kushoto na kulia.

"Haya. Wahi boti."

Akainama kitabuni, akaipuliza alama ya kidole ikauke, isije ikachafua ukurasa wa pili.