Ngumi Iliyopewa Soda

Usiku wa kuamkia leo niliota nimemsindikiza dada yangu Tausi kituo cha polisi, mwanangu Tunu mgongoni. Dada yuko kwangu tangu juzi, jicho limeziba, na leo ameitwa kituoni akapatanishwe na mumewe.

Kituoni askari hakuwepo. Ilikuwepo kaunta peke yake, na ndiyo iliyotuhudumia. Ikamuuliza Tausi nani kampiga. Akasema mumewe. Ikauliza siku hiyo alikuwa amepika nini.

Nikaiambia kwamba kwenye masomo ya jioni tulifundishwa kumpiga mtu ni kosa la jinai.

"Mtu, ndiyo," ikajibu kaunta. "Huyu si mke wake? Haya, mkayamalizie nyumbani."

Hatukuinua hata mguu. Benchi la kituo likawa kochi la sebuleni kwa Tausi, na vitambaa vyake vya kufuma. Kaunta iko katikati, inaongoza usuluhishi. Shemeji hakuja. Imekuja ngumi yake tu, imevaa saa. Imepewa kochi kubwa na soda baridi, na kaunta inaipa pole kwa usumbufu.

"Sasa mpeane mikono."

Tausi anaitazama. "Ikunjuke kwanza."

"Nikikunjuka nitaitwa nani?" inauliza ngumi, kwa upole kabisa.

Kaunta inahema. Inasema dada yangu mkaidi, na shemeji ana cheo chake, tusimharibie. Halafu inapata wazo: kama ngumi haikunjuki, basi Tausi aingie humo humo akae. Kuna joto, mvua haifiki.

Ngumi inalegea kidogo, upenyo wa kupitisha kidole. Dada anaanza kupungua. Linazama bega, kinafuata kifua.

"Mnaona?" inasema kaunta. "Mambo yanaongeleka."

Namdaka kanga yake ya zambarau kiunoni, navuta. Tunu, ambaye hajaota hata jino, ananiambia sikioni kwa sauti ya mtu mzima, "Mama, usiachie." Navuta mpaka kanga inachanika, na Tausi anadondokea mapajani kwangu, mzima.

Nikaamka. Kumeshakucha. Tausi alikuwa amesimama mbele ya kioo, kavaa hadi viatu, tayari kwa safari ya kituoni, anauliza nani kamchania pindo la kanga.

Nikatazama mikono yangu. Chini ya kucha kulikuwa na nyuzi za zambarau.

Nikamwonyesha. Aliziangalia, akainama, akavua viatu.