Kidonge cha Lala Salama

Mama Adèle alisimulia kwamba siku ya nne ya mabomu, ukuta wa jiko la jirani yake Félicité ulipoanguka, Félicité hakushtuka. Aligeukia ubavu mwingine tu, akaendelea kukoroma. Na kukoroma kwenyewe, alisema, kulisikika mpaka barabarani, katikati ya mizinga ya majeshi mawili ya kigeni yaliyokuwa yanagombania Kisangani kana kwamba wenyeji wamehama. Aliapa kuwa ameona kwa macho yake. Siku hiyo macho yake, pamoja na mwili wake wote, yalikuwa parokiani chini ya benchi, lakini hakuna aliyemuuliza.

Aliyekuwa ndani ya nyumba ni Wivine, binti wa Félicité. Mama yake hakulala hata dakika. Kibofu kilimuunguza, choo kilikuwa ng'ambo ya kiwanja, na siku zile ng'ambo ya kiwanja ilikuwa mbali kuliko mji wa Banalia. Ndoo ililetwa, ikaondolewa, ikaletwa tena. Kati ya ndoo na ndoo alijikunja, akafumba macho, akatulia, maana kila kutikisika kulimkata. Ukuta ulipoanguka alisema tu, "Bon, sasa jiko iko na dirisha."

Kidonge alikuwa nacho, kweli. Miaka mitatu nyuma Docteur Léon alimpima mkojo mara tano bila kuona mdudu, akaacha kumpa antibiotiki, akaandika amitriptyline, nusu kidonge kila jioni. Alimwambia itapunguza maumivu, haitayamaliza. Isiongezwe, isichanganywe na pombe, isiachwe ghafla. Wivine, ambaye shule yake iliishia darasa la sita, aliyashika maneno hayo kama katekisimu. Kila jioni alikata kidonge kwa wembe, nusu nyingine akaifunga katika karatasi.

Lakini mtaa ulitaka usingizi. Mama Adèle aliokota plaketi tupu ya vidonge vya Félicité jalalani, akaipeleka kwa tonton Benoît, mwenye duka la dawa, na baada ya wiki mbili avenue nzima ilikuwa inameza "Lala Salama" kwa kukisia. Bei ya zamani ya plaketi nzima ikawa bei ya kidonge kimoja. Félicité aliuza sufuria yake kubwa ili apate nusu yake ya jioni, na walionunua sufuria hiyo wakamwonea wivu kwa bahati yake ya usingizi.

Kisha Papa Mumbere, muuza samaki wa chumvi, akameza vinne kwa bia. Alizinduka siku ya tatu, hospitalini, familia imeshagawana baiskeli zake. Tonton Benoît akaogopa, akabandika tangazo mlangoni: bila ordonansi ya daktari, hakuna dawa. Bei hakuigusa.

Wivine alifurahi. Ordonansi walikuwa nayo, na nyumbani zilibaki nusu tatu.

Alipoingia dukani, Mama Adèle alikuwa ameegemea kaunta, mkono mmoja chini ya kitovu. Tonton Benoît alifungua karatasi ya ordonansi, iliyokunjwa mpaka ikapasuka, akaisoma, akaigeuza.

"Hii ni ya zamani, ya mbele ya vita."

"Na ugonjwa iko wa mbele ya vita, tonton."

"Docteur mwenyewe iko wapi?"

Docteur Léon alikimbia vita ilipoanza; hata mke wake hakujua aliko. Tonton Benoît alisema, bila hasira, kwamba tangu abandike tangazo lile mji mzima umeugua kibofu. Leo pekee, Wivine ni wa kumi na moja. Halafu Félicité si ndiye yule aliyekoroma mabomu yakianguka?

"Mutu wa kibofu hawezi kulala vile, mwanangu. Mama yako anapenda tu usingizi."

Wivine hakubishana. Alieleza pole pole habari ya ndoo. Tonton alisikiliza mpaka mwisho, akasema hata mgonjwa wa saba alikuwa na ndoo.

Basi Wivine akamgeukia jirani yake. Nyuma yao walikuwa wameingia wateja wanne, wote wa avenue yao, wote wameshika matumbo.

"Mama Adèle, watu wote walisikia kwako. Umwambie tonton siku ile ulikuwa wapi. Umwambie mama hakulala."

Tonton Benoît alishika plaketi, akangoja. Mama Adèle, ambaye hakujua kusoma, alikuwa ameinamia boksi la sabuni, akilisoma.