Mrija wa Okwakol

Apeduno alianza kuudharau ukumbi wa Busia kabla hajaingia ndani. Mlangoni walikuwa wametandika zulia jekundu, kipande tu, urefu wa mtu aliyelala, na ukishalimaliza unakanyaga matope yale yale ya Busia. Sasa hapo wanamdanganya nani? Akalikwepa makusudi, akapita pembeni kwenye matope, na viatu vyake vya kanisani.

Alitoka Malaba asubuhi kuja kutazama mchezo ambao alikuwa ameshauona mara kumi na moja. Ni ule wa yule Mwingereza wa kale ambaye watoto wa sekondari hulazimishwa kumsoma mpaka wanamchukia. Jemadari anamuua mfalme aliyelala nyumbani kwake, kisha anamuua na rafiki yake wa damu, halafu yule rafiki anakuja karamuni akiwa maiti na kuketi katikati ya watu. Mwalimu Ojiambo, Msamia wa Funyula, ndiye aliyeutia Kiswahili. Akauchezesha miaka minne pale Malaba, kwenye ghala la pamba ambalo pamba yenyewe ilikuwa imekwisha zamani.

Ghala lile lilikuwa ukumbi, bwana, si mchezo. Watu walikaa juu ya magunia, jukwaa hakuna, jemadari akipita na panga lake unavuta miguu usikanyagwe. Malori ya mpakani yakipiga honi, waigizaji wote walisimama vile vile walivyo, mkono juu, mdomo wazi, hadi honi inyamaze, ndipo wakaendelea. Wageni walidhani wamefundishwa kufanya hivyo. Mwisho ikawa kweli wamefundishwa, na siku malori yalipokuwa machache mchezo ulionekana kupwaya.

Na karamu haikuwa ya mezani. Ojiambo aliandika meza, kama alivyosoma, na Okwakol akamcheka mbele ya watu wote. Huyu Okwakol alikuwa mume wa Apeduno, na ndiye aliyecheza yule rafiki anayeuawa. Alimwambia mwalimu kwamba Mteso kama yeye hawezi kufufuka kwa ajili ya viazi vya sahani. Akifufuka, amefuata chungu. Basi wakaleta chungu cha ajono, ile pombe ya wimbi, wakakizunguka kwa vigoda, kila mtu na mrija wake mrefu, kama wazee wanavyokunywa kule Chakol na kwingineko. Mzee huja na mrija wake ndani ya ala, akitosheka anaufuta anaondoka nao. Hauazimwi, kama vile mswaki hauazimwi.

Okwakol alifariki mwaka wa tisini na nne. Kifua, wiki tatu tu, basi. Ojiambo alipotaka kumpa mtu mwingine nafasi yake, Apeduno alikwenda ghalani na mrija wa marehemu, akautumbukiza chunguni kwa mkono wake, akaweka mbele yake kigoda kitupu. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyecheza maiti. Omoding, ambaye ndiye jemadari na siku za kawaida ni fundi wa baiskeli, alikitazama kile kigoda kitupu akatetemeka hadi jasho likamtoka, na ghala zima likamwona Okwakol ameketi.

Apeduno naye alimwona. Hakuwa mjinga, alijua vizuri amemzika wapi. Lakini zile dakika tano alikaa na mumewe, na hapakuwa na mahali pengine duniani alipoweza kukaa naye. Nyumbani kulikuwa na koti lake na picha ya kitambulisho, na hivyo havikumletea chochote. Ndizo dakika alizozifuata Busia siku ile ya Jumamosi.

Maana ghala liliuzwa, na mchezo ukahamia ukumbi mpya wa Bwana Obuya, muuza magodoro, mtu aliyejenga ukumbi kwanza ndipo akauliza watu hufanya nini ukumbini. Ojiambo alikwenda Malaba kuomba mrija. Apeduno akamketisha, hakumpa chai, akamuuliza mara tatu kama ameelewa masharti. Mwalimu akaapa kwa jina la mama yake.

"Utakaa pale pale, mama, na kigoda chake. Hakuna atakayeugusa."

Haya. Mchezo wa saa nane ulianza saa kumi, kwa sababu Bwana Obuya ndiye mgeni wa heshima na alikuwa hajafika. Walipochoka kumngoja wakavuta pazia, nalo likakwama nusu, kwa hiyo upande wa kushoto wa ukumbi uliona mchezo na upande wa kulia uliona pazia. Apeduno alikuwa kushoto. Baadaye alisema wa kulia walikuwa na bahati.

Maikrofoni ilikuwa moja. Anayesema ameishika, anayejibu ananyoosha mkono kuiomba, na hata muuaji na mwenye kuuawa ilibidi wapokezane kwanza. Anjeline, aliyecheza mke wa jemadari, ambaye ghalani alivaa gunia na akatisha watu wazima, alikuwa amevalishwa gauni la harusi la kuazima. Lakini cha kutapisha kabisa kilikuwa godoro. Mfalme alilazwa juu ya godoro jipya la Bwana Obuya, likiwa bado ndani ya nailoni yake, bei imegeuziwa watu. Kila kisu kilipoingia nailoni ililia kwarakwara. Watu wakacheka. Mfalme anauawa, watu wanacheka! Mwanamke aliyeketi karibu na Apeduno alisema mchezo umependeza, una vyombo vya kisasa. Apeduno akamwambia kama ni vyombo angekwenda dukani, huko hata kiingilio hakuna. Yule mama akasogeza kiti.

Alivumilia. Mwenyewe alijishangaa, maana kuvumilia hakukuwa kazi yake. Alikuwa akingoja karamu.

Karamu ikaja. Chungu walikuwa wamekipaka rangi ya fedha, ovyo kabisa, na ndani mlikuwa na juisi nyekundu kwa sababu Bwana Obuya ameokoka na hataki pombe ukumbini mwake. Lakini kigoda kitupu kilikuwepo. Na mrija ulikuwepo, umesimama peke yake, na ile shaba karibu na mdomo, waya ambao Okwakol aliuzungushia mwenyewe mwaka ulipopata ufa. Apeduno akasogea ukingoni mwa kiti chake. Akasamehe zulia, akasamehe pazia, godoro nalo nusura alisamehe. Omoding alikuwa amewapa wageni mgongo, anasema na mtumishi wake. Bado maneno mawili, ageuke.

Hapo ndipo mlango wa nyuma ulipofunguliwa, na mfawidhi wa shughuli, mtu mwenye suti ya rangi ya maziwa, akapanda jukwaani mbio, akainyakua maikrofoni mkononi mwa jemadari. Akatangaza kwamba mgeni wetu wa heshima amefika, tusimame tumpigie makofi ya kilo. Ukumbi ukasimama. Busia ni Busia, hata mtu akiwa anazikwa mgeni wa heshima lazima atambuliwe. Bwana Obuya akaja na tumbo lake, akipunga mkono, na alipofika mbele ikaonekana viti vya mbele vimejaa wake wa wachungaji, na hakuna aliyeinuka. Mfawidhi akatazama kulia, akatazama kushoto. Mgeni wa heshima hawezi kuketi nyuma, hilo halijatokea tangu wilaya iwepo. Na pale jukwaani, mbele ya macho ya wote, kulikuwa na kiti kimoja kitupu.

Akamshika mkono, akampandisha, akamketisha juu ya kigoda cha Okwakol.

Ojiambo alikuwa pembeni ya pazia. Apeduno alimwona waziwazi. Mwalimu aliinua mkono nusu, akamtazama mwenye ukumbi, akaushusha mkono. Huyo ndiye mtu aliyeapa kwa jina la mama yake. Bwana Obuya naye, kwa kuwa aliona wenzake wana mirija na wake upo mbele yake, akainama, akautia mdomoni, akavuta. Ukumbi ukapiga makofi. Omoding akageuka, uso umeshatayarishwa kwa hofu, akakuta muuza magodoro anafyonza juisi.

Apeduno alikuwa ameshafika ngazini. Hakuna aliyemzuia, labda walidhani yumo mchezoni, maana siku hiyo kila kitu kilikuwa kimo mchezoni. Alivuka jukwaa, akasimama juu ya mgeni wa heshima, na hakuhitaji maikrofoni.

"Toa mdomo," alisema.

Bwana Obuya akatoa. Alikuwa na tabasamu bado, na tone jekundu kidevuni. Apeduno akauchomoa mrija chunguni, akaufuta kwa leso, kwanza pale alipofyonza yule, kisha wote, polepole, hadi chini, kama alivyoufuta kila Jumapili kwa miaka kumi na tisa Okwakol alipotoka kunywa. Kigoda akamwachia. Akageuka, akashuka ngazi, akashika njia ya katikati, mrija ameusimamisha mbele yake.

Ndipo Omoding akapiga kelele.

Ilikuwa ile kelele ya ghalani. Apeduno alisimama, akatazama nyuma. Omoding hakuwa akikitazama kigoda, wala chungu, wala Bwana Obuya. Alikuwa akiutazama mrija. Jasho linamtoka, amenyoosha kidole, anamsihi aliyekufa amwondokee, na macho yake yanaufuata hatua kwa hatua. Watu wakaanza kugeuza vichwa, safu hadi safu. Wale wa kulia, waliozibwa na pazia, wakainuka waone. Hakuna aliyecheka, hata yule mwenye suti ya maziwa. Mama mmoja karibu na njia alivuta miguu yake ndani, kumpisha mtu, na hakumpisha Apeduno, kwa maana Apeduno alikuwa ameshampita.

Akapunguza mwendo. Hasira alikuwa nayo bado, lakini alipunguza, akaenda kama mtu anayetembea na mtu. Dakika zake tano alizipata, zote, kuanzia jukwaani hadi mlangoni, na hakumshukuru yeyote mle ndani isipokuwa fundi wa baiskeli.

Ojiambo alimfikia pale mlangoni, anahema, ameshikilia karatasi zake. Alisema samahani nyingi, kwamba ukumbi ni wa watu, kwamba angefanyaje. Apeduno alikuwa akiurudisha mrija ndani ya ala. Mwalimu akasema si ameona mwenyewe, watu wameganda, mchezo haujawahi kuwa vile hata Malaba, na mwezi ujao wanaalikwa Kisumu, ukumbi mkubwa kuliko huu.

"Turudishie, mama. Bila huo hatuna kitu."

Apeduno alifunga kifuniko cha ala, akakikaza. Alimtazama mwalimu kuanzia viatuni, taratibu, mpaka alipofika usoni akaona hakuna haja ya kuendelea.

"Okwakol ametoka, mwalimu. Umemwona akitoka," alisema. "Na huyo mgeni wako akitaka kunywa tena, mwambie aje na mrija wake."

Akalikanyaga lile zulia jekundu safari hii, na matope yake yote viatuni, akaenda zake.