Ukurasa wa Jumamosi

Mtu wa kwanza kuja kwenye tamasha la katuni amevaa kama Shangazi alikuwa na ndevu.

Aliingia mlangoni kwa ubavu, kwa sababu usukani wa boksi aliojitundika shingoni ulikuwa mpana kuliko mlango wenyewe. Gauni lake la maua lilimbana kwapani, na kila alipoinua mkono kumpungia mtu, uzi mwingine ulikata tamaa. Kichwani alijifunga kitambaa cha njano. Mdomoni alikuwa na filimbi. Ukumbi mzima ulimgeukia, kuanzia wauza beji hadi vijana waliojipaka rangi ya bluu wakawa majini, na kicheko kikapita kutoka meza hadi meza kama sinia la chai.

Shangazi mwenyewe, mwenye gauni la maua na kitambaa cha njano cha kweli, alikuwa ameketi nyuma ya meza akipanga vijitabu. Alisikia kicheko, naye akacheka. Kisha akauliza, "Kuna nini?"

"Yule pale mlangoni," alisema Kifutio. "Ni wewe."

"Mimi? Nimenenepa hivyo?"

"Na umeota ndevu."

"Hizo ninazo siku nyingi," alisema Shangazi. "Huwa nazinyoa kabla hujaamka."

Kifutio alicheka, lakini jicho lake halikucheka. Lilikuwa jicho la mchoraji, na lilizoea kufanya kazi hata mwenyewe akiwa mapumzikoni. Shangazi alikuwa amegeuza uso kuelekea mlangoni, ila si pale alipokuwa yule mtu. Alikuwa anatazama nguzo.

Jina la Kifutio alipewa na Shangazi huyohuyo, zamani, alipokuwa mtoto asiyeweza kuandika hesabu bila kuchora pua za watu pembeni na kuzifuta mwalimu akikaribia. Sasa alikuwa mtu mzima mwenye cheti cha stashahada na deni la usingizi. Kila Jumamosi saa sita mchana, ukurasa mmoja wa katuni yake ulitoka mtandaoni, bure, kwa yeyote mwenye simu. Katuni ilimhusu Shangazi Gia, mwalimu wa udereva anayefundisha wanafunzi waliokataliwa na shule nyingine zote: jini asiye na miguu ya kufika kwenye klachi, twiga aliyetobolewa paa la gari, waziri aliyeishi siti ya nyuma hadi akasahau gari lina mbele. Watu waliipenda. Waliipenda kiasi cha kufunga safari, kukata tiketi na kupanga foleni ili wanunue kwenye karatasi kitu walichokwisha kukisoma bure.

Matamasha yaliyopita alikuwa akikodi nusu ya meza, nusu nyingine akikaa mtu mwingine na viwiko vyake. Safari hii alichukua meza nzima. Shangazi alimleta pamoja na maboksi kwa gari la shule ya udereva anayofundisha, lenye ubao wa mwanafunzi juu ya paa, kisha akagoma kurudi nyumbani. "Nirudi nikafanye nini? Hapa mimi ni mtu maarufu."

Na kweli alikuwa maarufu. Wasomaji walipotambua kuwa mama huyu ndiye chimbuko la yule waliyemsoma, walisahau haya zao. Walimwamkia na kupiga naye picha, wakamwomba awakaripie kidogo. Shangazi alikaripia bila ubaguzi. "Wewe, nyoosha mgongo. Ukikaa hivyo kwenye usukani utaendesha gari au utalala?" Aliyekaripiwa aliondoka anang'aa kama aliyepewa zawadi.

Kifutio alimtazama na kifua chake kikajaa. Mwanamke huyu alimlea kwa mshahara wa kukalia siti ya abiria na kupigiwa honi na mji mzima. Hajawahi kumwambia aache kuchora atafute kazi. Alichowahi kumwambia ni kwamba magurudumu aliyochora yalikuwa yameisha upepo.

Ndipo akakumbuka ni Jumamosi ipi.

*

Wachoraji wa mtandaoni wana desturi ya kuweka akiba. Wiki ya tamasha huliwa na kukata vibandiko na kufunga maboksi, hakuna muda wa kuchora. Basi mtu huchora kurasa mapema, akazipanga kwenye foleni, na mtambo ukazitoa wenyewe, mmoja mmoja, siku na saa ikifika. Kifutio alikuwa na foleni ndefu. Mwisho kabisa wa foleni hiyo alikuwa ameficha ukurasa mmoja, kama mtu anavyoficha kitu chini kabisa ya sanduku la nguo.

Aliuchora siku ile Shangazi alipomimina chai pembeni ya kikombe, kisha akakigombeza kikombe.

Shangazi alikuwa na njia yake ya kufundisha, na mji mzima uliijua. Mwanafunzi akishika usukani, Shangazi alimwambia, "Haya, niambie unaona nini," na mwanafunzi alipaswa kutaja kwa sauti kila kilicho mbele yake: mtoto na mpira, baiskeli, taa nyekundu, mbwa asiye na haraka. Ilikuwa njia nzuri. Ilitoa madereva makini. Lakini siku hizi Shangazi aliitumia hata akiwa yeye ndiye dereva. Hata asubuhi ile, wakija tamashani, walipokaribia njia panda alisema kwa sauti yake ya darasani, "Haya, Kifutio, niambie unaona nini." Kifutio, aliyepata leseni miaka mingi iliyopita, alijibu, "Taa nyekundu." Hapo tu ndipo mguu wa Shangazi ukaigusa breki.

Aliwahi kumwambia. Si mara moja. Twende kwa daktari wa macho, Shangazi. "Daktari ataona nini ambacho mimi sioni?" Shangazi, ukutani mwa geti kuna mkwaruzo. "Geti limesogea." Mtu wa namna hiyo unamshika wapi? Basi Kifutio aliuchora ukurasa, akautia mwisho wa foleni, akajipa moyo: kabla siku yake haijafika nitakuwa nimeshazungumza naye vizuri, kisha nitaufuta. Kila Jumamosi ukurasa mmoja ulitoka na ule wa mwisho ukasogea mbele hatua moja, kimyakimya, kama mgonjwa mpole kwenye benchi la hospitali. Leo ulikuwa umefika mlangoni.

Akashika simu. Ukumbini mtandao ulikuwa umekufa. Watu wote wale, kila mmoja na simu yake, walikuwa wanavutana uzi mmoja mwembamba. Kiduara kilizunguka kwenye kioo. Kikazunguka.

"Niangalizie meza," alimwambia jirani yake, mama mmoja aliyeuza mazimwi ya kushonwa na kufahamika matamasha yote kwa jina la Mama Mazimwi. Hiyo nayo ni desturi: jirani wa meza hulinda mali yako ukienda msalani, na wewe hulinda yake.

"Nenda, mwanangu. Nikiuza nyingi kuliko wewe usininunie."

Kifutio akajipenyeza. Katikati ya majini na mashujaa wasomaji walimsimamisha kumwomba saini, naye angemkatalia nani? Hawa ndio waliomfikisha meza nzima. Alisaini huku akitembea. Alipotoka nje kwenye ngazi, jua liko utosini, simu ikatetemeka mkononi, ikatetemeka tena, na haikuacha. Ukurasa ulikuwa umetoka. Maoni yalikuwa yanamiminika.

Bado angeweza kuufuta. Kidole gumba kilikuwa juu ya neno lenyewe. Wangapi wameuona, mia? Mia wangesahau. Angesema mtambo uliharibika. Mpaka leo hajui ni nini kilichokizuia kidole kile. Pengine ni yale maoni ya juu kabisa, ambapo mtu asiyemjua aliandika: *Mama yangu naye anafanya hivi. Nilidhani ananitania.*

Akaitia simu mfukoni bila kufuta, akarudi ndani akiwa hajui ataenda kusema nini.

*

Alichelewa. Yule mtu wa ndevu alikuwa ameinama juu ya meza, usukani wa boksi umemkaa upande, simu yake mbele ya Shangazi. Kazi yake ilikuwa kuoka mikate, alikuwa ameeleza, na kila Jumamosi saa sita huacha tanuri akasoma ukurasa mpya. Leo alitoka hadi kando ya barabara kuutafuta mtandao, akaurudisha ukurasa ndani kama mtu aliyebeba mkate wa moto.

"Nisomee, baba," Shangazi alikuwa anamwambia. "Miwani nimeisahau nyumbani."

Miwani yake ilikuwa kwenye mkoba, miguuni pake. Kifutio alisimama nyuma ya mgongo wa mwoka mikate.

"Kisanduku cha kwanza," alisoma mwoka mikate kwa furaha, "Shangazi Gia yuko peke yake garini. Asubuhi. Amechorwa vizuri sana, yaani kila kitu, hadi ule mkunjo wa shingo. Cha pili, anafika njia panda. Cha tatu, anasema, 'Haya, niambie unaona nini.'" Akacheka, kwa kuwa maneno hayo alikuwa nayo kwenye fulana nyumbani. "Cha nne..."

Akaisogeza simu karibu na macho.

"Cha nne," alisema Shangazi.

"Cha nne ni siti ya pembeni. Hakuna mtu." Sauti ilikuwa imeshuka. "Cha tano, taa. Lakini taa haina rangi, mama. Katuni nzima ina rangi, taa tu ndiyo haina. Cha mwisho amepaki kando. Ametoka nje. Ameweka funguo juu ya paa, anaondoka kwa miguu."

Mama Mazimwi aliacha kuhesabu mazimwi yake. Shangazi alikuwa ametulia, mikono juu ya vijitabu, uso umeelekea pale sauti ya mwoka mikate ilipotoka.

"Anaacha?" aliuliza mwoka mikate. Alikuwa jitu zima katika gauni lililochanika kwapani, na midomo ilikuwa inamcheza. "Samahani, mama, mimi nilijifunza kuendesha nikiwa na miaka arobaini, kwa kumsoma yeye. Nilikuwa naogopa. Ni kweli?"

"Hiyo ni katuni, baba," alisema Shangazi kwa upole. "Lete huo usukani nikutilie saini."

Akapewa kalamu nene. Akaandika jina lake kwa mwendo wa kishujaa, herufi kubwa, mkono usiotetemeka. Lilianzia kwenye boksi. Nusu yake ilimalizikia kwenye kitambaa cha meza.

Mwoka mikate aliitazama saini ile. Kisha akainama, akambusu Shangazi mkono, akasema, "Imetoka nzuri sana," akaondoka na nusu yake.

*

Jioni walibeba maboksi hadi kwenye gari. Yalikuwa mepesi; siku ilikuwa njema, kama ungetazama maboksi tu. Uwanja wa magari ulikuwa umeanza kupwaya. Shangazi alikaa kwenye usukani, akafunga mlango, akateremsha kioo. Kifutio alibaki nje, upande wa dereva, amesimama.

"Panda."

"Sipandi."

"Utalala hapa?"

"Nitaendesha mimi, au tutalala hapa wote."

Shangazi alitazama mbele, kule kulikokuwa na ukuta, au labda kwake hapakuwa na kitu. "Mbele za watu," alisema. "Ningekuwa nimeiba nisingeanikwa hivyo. Mwanaume mwenye ndevu ananisomea aibu yangu kisanduku kwa kisanduku, na mimi namwitikia, ndiyo baba, endelea baba."

"Nilikuambia nyumbani, Shangazi."

"Ukiniambia nyumbani nakukatalia nyumbani. Yanaisha huko huko."

"Ndiyo maana."

Mtu alipita akikokota mkia wa joka.

Shangazi aliuchomoa ufunguo, akaushika mapajani. Alipozungumza tena sauti ilikuwa ndogo, sauti ambayo wanafunzi wake hawakuwahi kuisikia. "Jumatatu saa mbili nina msichana wa kufundisha. Anaogopa malori. Nani atakaa naye?"

Kifutio aliingiza mkono dirishani akamrekebishia kitambaa cha njano, kilichokuwa kimelegea tangu mchana bila mtu kuthubutu kumwambia.

"Nitakupa ufunguo," alisema Shangazi. "Na huyo daktari wako nitakwenda kumwona. Lakini mimi nimekulea, na leo umenivua nguo. Niombe radhi. Sema ile mashine ilikosea. Sema hukukusudia itoke. Neno moja tu, nishuke hapa na heshima yangu."

Ingekuwa rahisi. Ilikuwa hata na ukweli ndani yake, kwa kuwa mchana alikimbilia ngazi zile ili aufute. Ufunguo ulikuwa hapo, karibu na mkono wake, na bei yake ilikuwa neno moja ambalo watu hulitumia wakikanyagana foleni. Lakini alimjua mwanamke huyu kwa kila mkunjo wa shingo. Radhi ikiombwa, basi kosa lilikuwa la mchoraji. Na kama kosa lilikuwa la mchoraji, macho hayakuwa na tatizo, na Jumatatu saa mbili msichana anayeogopa malori angefungua mlango wa gari hili akamkuta mwalimu ametangulia kukaa.

"Haikukosea," alisema.

"Kifutio."

"Ningeweza kuufuta, nikauacha. Siombi radhi, Shangazi. Leo siombi, na Jumatatu siombi."